Kinara cha Fedha Hakisuguliwi kwa Majivu

Hapa Kianyaga sufuria husuguliwa kwa majivu na waya, na kweli hutoka iking'aa. Kinara cha fedha usikitendee hivyo. Ule weusi unaokifunika ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa. Kila unapousugua unaondoa fedha kidogo, na mikwaruzo unayoiacha haitoki kwa urahisi.

Salfa hutoka kwenye moshi wa mafuta taa, mayai, vitunguu, sufu, hata mpira. Unyevu huiharakishia kazi, na huku chini ya Mlima Kenya unyevu hatuukosi, hasa wakati wa ukungu wa Julai.

Kwanza kipindue usome alama. 925 maana yake fedha ni asilimia 92.5, na sehemu iliyobaki kwa kawaida ni shaba. EPNS ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, na utando huo ni mwembamba kuliko unywele. Ukiona umanjano pembeni, fedha imekwisha pale, usiendelee kusugua. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma.

Nta usiikwangue kwa kisu. Kandamiza kitambaa kilichochovywa maji ya moto mpaka ilainike, kisha uitoe kwa kidole. Kitako kizito mara nyingi kimejazwa lami au plasta, kwa hiyo usikitumbukize majini: lami ikilainika kinara huanza kuyumba. Baada ya nta, sabuni ya maji na kitambaa laini vinatosha mara nyingi.

Weusi ukikataa, na kitako cha kinara hakikujazwa, tandika karatasi ya alumini ndani ya karai, weka maji ya moto na soda ya kuokea, kisha ulaze kinara kikigusa alumini. Utasikia harufu ya mayai viza: salfa inahamia kwenye alumini, fedha inabaki. Lakini kwa kinara chenye nakshi siishauri njia hii, kwani weusi wa ndani ya mistari ndio unaoifanya nakshi ionekane.

Nanyi mnaotunza vinara vya madhabahuni, Kianyaga mjini hadi Kabare, msivifunge kwa gazeti wala raba. Vikausheni kabisa, kisha mvifunge kwa kitambaa safi cha pamba.