Nani Alimwinua Mtoto wa Rouffignac?

Mistari mitatu inakwenda sambamba juu ya mwamba, inapinda kidogo, kisha inakatika. Si picha ya mnyama wala ya mtu. Ni alama za vidole vilivyoburutwa kwenye tabaka laini la jiwe yapata miaka 13,000 iliyopita, ndani ya pango la Rouffignac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Watafiti Kevin Sharpe na Leslie Van Gelder, na baadaye Jessica Cooney, walipima upana wa alama kama hizo pangoni humo, wakabaini kuwa nyingine ni za watoto wadogo. Aliyeacha nyingi kuliko wenzake alikuwa na umri wa miaka kama mitano, na huenda alikuwa msichana. Baadhi ya alama ziko kwenye dari, mahali ambapo mtoto wa umri huo hafiki hata akiruka.

Jambo hilo lilininyima utulivu. Nilikuwa nimekwenda Dordogne, mkoa wenye pango hilo, kupumzika kama wageni wengine: mapango, vijiji vya Zama za Kati na chakula kizuri. Lascaux, pango maarufu kuliko yote, lilifungwa mwaka 1963 baada ya pumzi za watazamaji kuanza kuiharibu michoro. Leo wageni huonyeshwa nakala. Huko Rouffignac bado unaingia pango lenyewe, kwa treni ndogo ya umeme, katika baridi ya nyuzi 13, huku njia zake zikitawanyika gizani kwa kilomita kama 8.

Kiongozi wetu, mama wa makamo, hakuwa na haraka ya kufika kwenye michoro. Alisimamisha treni kwanza kwenye mashimo mapana, malazi ya dubu waliolala humo majira ya baridi muda mrefu kabla ya wachoraji. Akamulika mikwaruzo ya kucha zao ukutani. Alitaka tuelewe kwamba watu walioingia humu na mwanga hafifu wa moto waliiona mikwaruzo hiyo, na bado wakasonga mbele.

Kisha tukafika chini ya Dari Kuu, lenye wanyama zaidi ya 60: mamothi, faru wenye manyoya, farasi, mbuzi-mwitu. Tulisimama kwa raha kwa sababu sakafu ilichimbwa baadaye. Enzi za wachoraji, nafasi ilikuwa kama mita moja tu. Mama yule alituomba tujione tumelala chali, uso karibu na jiwe, tukimchora mnyama ambaye kichwa na mkia wake hatuwezi kuvitazama kwa pamoja. Kwake yeye, watu wale walichora kwa kumbukumbu ya mwili wote, si kwa jicho pekee. Juu ya mamothi kuna majina ya wageni wa karne zilizopita, yaliyoandikwa kwa moshi wa mishumaa. Hakuyalaani. Nao, alisema, walitaka ijulikane kuwa walifika.

Nilipomuuliza kuhusu watoto, aliinua vidole vitatu vilivyobanwa pamoja, akaviteremsha hewani polepole. Mtoto peke yake asingefika, alieleza. Alibebwa, na aliyembeba ilimpasa asimame imara, amshike miguu, pengine atembee naye huku mstari ukiendelea. Kwa hiyo kila mstari wa juu una watu wawili, na mmoja wao hakugusa mwamba kabisa. Alikataa kuuita mchezo. Alikataa pia kuuita ibada. Alikumbuka tu jinsi kwao watu walivyokaa mezani jioni za baridi wakivunja jozi kwa nyundo ndogo za mbao, kwa uangalifu ili kokwa zitoke nzima, na vipande vikaenda kukamuliwa mafuta. Watoto nao walipewa nyundo. Hakuna aliyeuliza kama wanacheza au wanafanya kazi.

Usiku huo nilikula bata aliyeiva katika mafuta yake, viazi vilivyokaangwa kwa mafuta hayohayo na kitunguu saumu, na kachumbari ya majani iliyonyunyiziwa mafuta ya jozi, mazito, yenye harufu ya moto. Kila tonge lilinirudisha kwenye ile meza ya jioni.

Nikamkumbuka mtoto mwingine. Mwaka 1925, msichana Mwingereza wa miaka 12 aliishi Les Eyzies, si mbali na hapo, akachambua mabaki yaliyoachwa na wachimbaji wa mambo ya kale. Ndiye Mary Leakey, mwanaakiolojia ambaye mwaka 1951 alinakili michoro ya miambani ya Kondoa, Tanzania, kabla ya kupata umaarufu kwa uvumbuzi wake Olduvai. Mtu mzima fulani alimruhusu mtoto yule kushika mabaki hayo.

Tunapowapeleka watoto wetu Kolo, kwenye michoro hiyo ya Kondoa, huwa tunawaonya wasiguse, na ni haki. Michoro ile haina mbadala. Lakini tunawapa nini washike? Na yule wa Rouffignac, aliyembeba mtoto ili afike: alikuwa mama, kaka, au mchoraji mwenyewe? Alimwambia mtoto achore nini, au alimwacha tu?