Hadithi za Vizuka Wakati wa Krismasi

Huko Uingereza iko desturi ya zamani ya kusimulia na kusoma hadithi za vizuka, yaani wafu wanaowatokea walio hai, katika siku za Krismasi. Asili yake ni majira ya baridi. Mwezi wa Desemba jua la London hutua kabla ya saa kumi alasiri, na usiku huchukua muda wa saa kumi na sita. Watu wa zamani walikaa kuuzunguka moto, wakapitisha usiku kwa masimulizi ya kutisha.

Aliyeitia nguvu desturi hiyo ni mwandishi Charles Dickens. Mwaka 1843 alisoma taarifa ya tume ya serikali juu ya watoto wadogo waliotumikishwa viwandani, akachukizwa mno. Kwanza alikusudia kuandika kijitabu cha kuwatetea. Kisha akaona kwamba hadithi itaichoma mioyo ya watu zaidi. Basi tarehe 19 Desemba kikatoka kitabu chake, “A Christmas Carol.” Ndani yake tajiri bahili, Scrooge, anatokewa na kizuka cha mshirika wake wa biashara, kinachokokota minyororo yenye masanduku ya fedha. Kisha wanamjia pepo watatu. Scrooge anatubu, anamwongezea karani wake mshahara na kuwasaidia maskini. Nakala 6,000 ziliuzwa kabla ya Krismasi.

Kitabu hicho husomwa mpaka leo. Kizuka chake humwonya aliye hai atende wema mapema, kwa maana mfu huona taabu ya maskini, wala hana tena uwezo wa kumsaidia.