Dharura ikitokea usiku, nani anaidhinisha fedha?

Ukiwauliza watu kumi wa Mbeya au Iringa ni nani huokoa majeruhi wa ajali ya basi, watakutajia daktari, nesi, askari wa barabarani na dereva wa gari la wagonjwa. Hakuna atakayemtaja mhasibu. Msomaji wangu, wiki hii naomba tumzungumzie yeye, kwa sababu siku mwanao akiletwa hospitali pamoja na watu wengine thelathini kwa mkupuo, atakachokipata kitategemea pia kama yule mhasibu aliwahi kufundishwa kazi ya dharura.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kuelezwa maana ya ajali kubwa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita mlangoni kwetu, ikiwa na mteremko wa Kitonga upande wa Iringa na miteremko ya Mbeya. Machi 11, 2015, eneo la Changarawe, Mafinga, basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liligongana na lori na kontena likaliangukia. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha.

Sasa fikiria saa ya kwanza ya ajali ya namna hiyo katika hospitali ya wilaya. Glovu na dripu za wiki nzima zinaisha kabla ya adhuhuri. Mitungi ya oksijeni inahitajika zaidi ya iliyopo. Magari yanatakiwa kupeleka majeruhi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, mengine hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kila gari linataka mafuta. Watumishi waliokuwa mapumziko wanaitwa na hawatakula mpaka usiku. Vijana wa kubeba machela wanatafutwa. Chumba cha kuhifadhia maiti kinajaa. Kila jambo nililolitaja lina bei, na kila bei inahitaji sahihi ya mtu.

Siku za kawaida fedha za umma zina njia yake, nayo ni nzuri. Mkuu wa idara anaandika maombi, mganga mfawidhi anapitisha, mhasibu anaangalia kama kasma ina fedha, hati ya ununuzi inatolewa, mzabuni analeta mzigo, unapokelewa na kukaguliwa, ndipo malipo yanafanyika. Utaratibu huo umewekwa kuzuia wizi, na sitaki uvunjwe. Lakini mtoto anayetoka damu hana siku nne.

Ndiyo maana duniani kuna mafunzo maalumu ya usimamizi wa fedha wakati wa dharura. Mfumo wenyewe ulianzia California, Marekani, miaka ya 1970, baada ya moto mkubwa wa misitu kuonyesha kwamba vikosi vingi vinaweza kufika mahali pamoja na bado vikashindwa kufanya kazi pamoja. Wakagawa kazi sehemu tano: uongozi, utendaji, mipango, vifaa, na fedha pamoja na utawala. Shirika la Afya Duniani nalo hutumia mfumo wa aina hiyo kwenye milipuko ya magonjwa, na fedha imepewa sehemu yake yenyewe.

Anayefundishwa kuongoza sehemu ya fedha hujifunza mambo manne. La kwanza ni muda: kuandika kila siku nani kafika, kafanya kazi saa ngapi na kwa makubaliano gani. La pili ni ununuzi wa haraka ulio halali, maana sheria zetu za ununuzi wa umma zinaruhusu njia fupi wakati wa dharura, ila zina masharti, na asiyeyajua huishia ama kukataa kila kitu kwa woga au kupitisha kila kitu kwa huruma. La tatu ni madai na fidia: mtumishi aliyejichoma sindano, gari la mtu binafsi lililobeba majeruhi likaharibika. La nne ni hesabu ya gharama, yaani kumwambia kiongozi kila jioni, “leo tumetumia kiasi hiki, tukiendelea hivi fedha zitaisha keshokutwa.” Hili la nne ndilo linalosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko yote.

Hili la muda linaonekana dogo. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi ilipata mlipuko wa kuhara. Kambi ya wagonjwa ilifunguliwa, vibarua wakachukuliwa kusafisha vyoo na kumwaga ndoo. Siku ya tisa wakaacha kazi. Hakuna aliyekuwa amekula hela yao. Hakukuwa na karatasi ya mahudhurio wala makubaliano ya maandishi, na mhasibu angelipa kwa kielelezo gani? Kwa siku mbili ndoo zilibebwa na manesi, na nesi aliyeshika ndoo hawezi wakati huohuo kutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji. Kipindupindu kikali kinaweza kuua kwa saa chache. Mzazi aliyekuwa kwenye foleni aliona tu kwamba “manesi hawapo.”

Yaliyotupata sisi ni madogo ukilinganisha na ya Sierra Leone wakati wa Ebola. Novemba 2014, mjini Kenema, wafanyakazi wa mazishi waliokuwa hawajalipwa posho ya hatari waliacha miili ya waliofariki mbele ya hospitali. Februari 2015, ofisi ya ukaguzi ya nchi hiyo ikatoa taarifa kwamba karibu theluthi moja ya fedha zilizokaguliwa zilikosa nyaraka za kutosha. Baadaye walianza kuwalipa watumishi kwa simu, na muda wa kusubiri ukashuka kutoka zaidi ya mwezi hadi karibu wiki moja. Kilichobadilika hapo ni namna ya kuwatambua na kuwalipa watu.

Hapa kwetu, mlipuko wa Marburg mkoani Kagera ulitangazwa Machi 21, 2023 na ukatangazwa kwisha Juni 2 mwaka huohuo. Watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa. Ufuatiliaji wa Marburg ni siku 21 kwa kila mtu. Piga hesabu mwenyewe: ni ziara zaidi ya 4,000, kwa pikipiki, kwa mafuta, kwa vocha za simu. Pikipiki mbili zikikosa mafuta asubuhi moja, kuna watu hawatapimwa joto siku hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawalijui. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya badala ya kukaa halmashauri. Ni hatua nzuri sana. Lakini maana yake ni kwamba zahanati ya Kilolo au Chunya inaongozwa na tabibu au nesi ambaye asubuhi anazalisha, mchana anachanja, na jioni anajaza hesabu kwenye mfumo wa FFARS. Chuo kilimfundisha dawa, hakikumfundisha masurufu. Ugonjwa ukilipuka kijijini, yeye ndiye kiongozi, mtendaji na mhasibu kwa pamoja.

Mbeya tuna kampasi ya Chuo cha Uhasibu Tanzania na ya Chuo Kikuu Mzumbe. Sioni sababu ya kumpeleka mtu mbali kujifunza jambo hili. Na zoezi la dharura linapofanyika hospitalini, lile la machela na rangi nyekundu ya kuigiza damu, mhasibu na ofisa ugavi wawemo, si kubaki ofisini wakichungulia dirishani. Wapewe zoezi lao: ni saa nane usiku, bohari imefungwa, mwenye sahihi ya pili yuko Dodoma. Tuone.

Mfano unaofanya kazi tayari unao mkononi, mama mjamzito. Ni m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Unapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza hali ya mama au kichanga na kutafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, anaita dereva wa jamii aliyesajiliwa. Nauli inajulikana mapema kwa umbali, na dereva hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Dereva hakudai mia kwako, wala nesi hatafuti wa kusaini vocha usiku. Mtu aliketi mapema akapanga nani analipa, kiasi gani na kwa ushahidi upi. Udhaifu wake ni mmoja: halmashauri isipotenga fedha kwa wakati, dereva aliyesubiri malipo muda mrefu hatapokea simu inayofuata.

Kwako wewe, kuna machache ya kushika. Mgonjwa wa dharura anatakiwa kuhudumiwa kwanza. Malipo na fomu ya polisi, PF3, hufuata. Hali ikitulia, usitupe karatasi hata moja. Majeruhi wa ajali ya gari anaweza kudai fidia kwenye bima ya gari lililosababisha ajali, na madai hayo husimama kwa PF3, taarifa ya daktari na stakabadhi za malipo. Nimeona familia zikishindwa kwa sababu stakabadhi ziliwashiwa jiko. Ukishindwa kulipa bili, muulize nesi wa wodi ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi kabla siku ya kuruhusiwa haijafika. Usilipe fedha mkononi bila stakabadhi, hata kama ni saa nane usiku na hata kama anayeomba ana haraka kuliko wewe.

Na ukienda kliniki mwezi huu, uliza swali moja: kata yetu ina madereva wangapi wa m-mama, na mara ya mwisho walilipwa lini? Ukijibiwa kwamba yupo mmoja tu, au walikuwepo wakaacha kwa kucheleweshewa malipo, mwambie diwani wako kabla ya kikao cha robo mwaka cha baraza la madiwani. Mweka hazina wa halmashauri huwa ndani ya ukumbi huo, na diwani anaweza kumuuliza mbele ya wote.