Akirudi Kutoka Safari Ndefu ya Baiskeli

Leo tumzungumzie yule anayefika nyumbani baada ya kuendesha baiskeli mwendo mrefu, kama vile kutoka Mwatate hadi Voi.

Wengi wakifika hujitupa kitandani. Mwili ukisimama ghafla, damu hubaki miguuni na mtu hushikwa na kizunguzungu. Mwambie aendeshe polepole dakika 10 za mwisho, kisha atembeetembee uani na kunyoosha mapaja.

Joto la Voi hutoa jasho jingi, na jasho hutoka na chumvi. Mpe maji kidogo kidogo. Akiwa ametokwa na jasho sana, koroga lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vyote viwe vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Baadaye ale ugali au viazi vitamu, pamoja na pojo au maharagwe, ili misuli ijijenge.

Aoge na abadilishe nguo, maana jasho na kiti cha baiskeli huleta vidonda. Kesho yake asilale kutwa. Matembezi mafupi hulegeza miguu iliyokaza.

Lakini mama, mkojo ukiwa na rangi ya strungi, usingoje. Mpeleke hospitali. Akichanganyikiwa au kuzimia kwa joto, mweke kivulini, mmwagie maji mwilini na mkimbize hospitali hapo hapo. Aliyezimia asinyweshwe kitu.