Bei ya Mlangoni na Bei ya Ndani

Katika mwezi wa Shaabani uliopita mpwa wangu alinijia barazani baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Tulipokwisha kuamkiana alikaa kitako akanikunjulia karatasi yake, nami nikaona picha ya mashine nyeupe ya kuchezea michezo ya vidio, na chini yake bei.

"Mjomba," akaniambia, "hii ndiyo rahisi kuliko zote. Na michezo huinunui. Walipa ada ya mwezi tu, wacheza mamia."

Alitaka nimwongezee nusu ya bei. Nusu ya pili alikuwa ameidunduiza mwenyewe kwa kusaidia dukani wakati wa likizo.

Sikumkatalia wala sikumkubalia. Mimi nina kidonda changu mintarafu ya hizi ada za mwezi. Wakati mmoja nilimpa kakake nambari ya kadi yangu ya benki ajiandikishe katika huduma moja ya michezo, ambayo sitaitaja, kwa kuwa mwezi wa kwanza ulikuwa karibu na bure. Kijana alicheza majuma mawili akachoka. Mimi nililipa miezi saba. Hakuna aliyenibishia hodi kunidai. Pesa zilikuwa zikitoka zenyewe, kidogo kidogo, kama maji katika mtungi wenye ufa. Kwa hivyo safari hii nilimwomba mpwa wangu anipe siku chache niichungue biashara yenyewe. Niliyoyaona ndiyo haya ninayoyaandika, kwani najua si mimi peke yangu niliye na wapwa.

MALI ISIYO NA FAIDA

Sisi watu wa pwani twajidai kuijua biashara. Mwenye duka hununua kitu kwa mia akakiuza kwa mia na ishirini, na ile ishirini ndiyo riziki yake. Ukimkuta anakiuza kwa themanini utasema ama mali ni ya wizi au duka lafungwa. Lakini hawa wenye mashine za michezo huuza kwa hasara, tena kwa makusudi, na duka halifungwi.

Mwezi wa Mei 2021, katika kesi baina ya Epic Games na Apple iliyosikizwa mjini Oakland, California, afisa mmoja wa Microsoft aitwaye Lori Wright aliulizwa kampuni yake hupata faida gani kwa kuuza mashine za Xbox. Akajibu kuwa haipati. Akaulizwa kama imewahi kupata. Akajibu la. Xbox ya kwanza ilitoka Novemba 2001, kwa hivyo msomaji mwenyewe apige hesabu ni miaka mingapi watu hawa walikuwa wakiuza chombo bila ya faida.

Faida basi iko wapi? Iko katika michezo. Kila mchezo unaouzwa katika duka la kampuni, lile lililomo ndani ya mashine, kampuni hukata sehemu yake hata kama mchezo umetengenezwa na watu wengine kabisa, na desturi iliyozoeleka ni asilimia 30. Ni kama mtu aliyejenga soko lenye mlango mmoja: wanunuzi huwaita waingie kwa bei ya chini, kisha kila mwenye meza humo ndani humtoza karibu thuluthi ya mauzo yake. Naye mwenye meza, bila shaka, huipakia thuluthi hiyo katika bei atakayokuuzia wewe.

Mambo hayakuanza hivi. Kampuni ya Atari ya Marekani ilipotoa mashine yake maarufu mwaka 1977 haikuwa na njia ya kumzuia mtu mwingine kuitengenezea kaseti za michezo. Mwaka 1979 baadhi ya mafundi wake walitoka wakaanzisha Activision, wakawa wanauza kaseti za kuchezwa katika mashine ya tajiri wao wa zamani. Atari ilikwenda mahakamani, lakini mlango ulibaki wazi na kila mwenye tamaa akaingia. Kufikia 1983 maduka ya Marekani yalikuwa yamejaa kaseti mbovu zisizonunulika, na Atari ikaenda kuzika shehena za mali yake katika jaa la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Wengi walidhani hiyo ni ngano tu, mpaka zilipofukuliwa mwaka 2014.

Wajapani wa Nintendo walilitazama kosa hilo wakajifunza. Walipoipeleka mashine yao Marekani mwaka 1985 waliitia kufuli ndani, kidude kidogo cha elektroniki kilichokataa kaseti yoyote isiyokuwa na mwenzake. Aliyetaka kutengeneza mchezo ilimbidi aombe idhini, alipe Nintendo yenyewe imtengenezee kaseti, na asitoe zaidi ya michezo 5 kwa mwaka. Kufuli hilo ndilo mzazi wa biashara yote hii. Pasipo kufuli, hakuna atakayethubutu kuuza mashine kwa hasara.

MANENO MAWILI NA TARAKIMU TATU

Nami nikisema kuwa bei ya mashine ni chambo, sina maana kuwa ni jambo dogo. Watu wameangushwa nayo. Mwezi wa Mei 1995, katika maonyesho ya michezo mjini Los Angeles, kampuni ya Sega ilitangaza kwamba mashine yake ya Saturn ilikuwa tayari imo madukani, miezi kabla ya wakati uliotazamiwa, kwa dola 399. Siku hiyo hiyo Steve Race, mkuu wa Sony upande wa michezo huko Marekani, aliitwa jukwaani. Watu walingoja hotuba. Yeye alitamka bei tu, 299, akashuka zake, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Sega ilikuwa imewaudhi pia wenye maduka ambao hawakupelekewa mali, kwa hivyo si haki kusema ni dola 100 peke yake zilizowaua. Lakini PlayStation ile iliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani, na mwaka 2001 Sega iliacha kabisa kutengeneza mashine.

Ushindi hulevya. Mwaka 2006 Sony hao hao walileta PlayStation 3 kwa dola 499 na dola 599, na hata kwa bei hizo walikuwa wakila hasara. Nintendo ikaja na Wii kwa dola 249, mashine dhaifu kwa nguvu lakini yenye kuleta faida yenyewe, nayo ikauzwa zaidi ya milioni 100. Kwa hivyo njia ya hasara si ya lazima. Ni njia waliyoichagua wenye mifuko mirefu.

DISKI YA KUAZIMANA

Jambo lililonigusa zaidi ni la Juni 2013. Microsoft walikuwa wametangaza mashine mpya, Xbox One, kwa dola 499, pamoja na masharti ambayo hata mtoto wa chuoni angeyashangaa. Mashine ilipaswa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo michezo haichezeki. Na diski uliyoinunua kwa pesa zako hungeweza kuigawa kama upendavyo: rafiki ungempa mara moja tu, naye awe amekaa katika orodha ya marafiki zako si chini ya siku 30. Sisi huku mtu akinunua kitu kikawa milki yake, huazima, hupa, huuza, na akifa hurithiwa. Hawa walitaka kuuza kitu na kukishika papo hapo.

Sony walipopanda jukwaani walisema yao ni dola 399, na diski ni ya aliyeinunua. Wakatoa hata picha fupi ya vidio ya kuonyesha jinsi ya kumwazima mwenzio mchezo: mmoja anampa diski, wa pili anaipokea, kwisha. Ukumbi ulishangilia kwa muda mrefu. Baada ya siku chache Microsoft waliyafuta masharti yao.

Lakini katika usiku ule ule wa shangwe, Sony walipitisha jambo la pili kwa sauti ya chini. Kucheza na wenzio kupitia intaneti, jambo lililokuwa bure katika PlayStation 3, katika mashine mpya kulihitaji ada ya PlayStation Plus. Wengi hawakulisikia kwa kelele za makofi.

KODI YA NYUMBA

Ada ndiyo habari ya leo. Mwaka 2017 Microsoft walianzisha Game Pass: dola 9.99 kwa mwezi, nawe wacheza zaidi ya michezo 100 bila ya kununua hata mmoja. Kwa wengi mwezi wa kwanza waliuuza kwa dola 1. Mwaka 2019 wakaongeza daraja la juu, liitwalo Ultimate, kwa dola 14.99. Mwaka 2023 likawa 16.99. Mwaka 2024 likawa 19.99. Oktoba 2025 likawa 29.99. Kwa bei hiyo ya Oktoba 2025 mtu angelipa karibu dola 360 kwa mwaka, na mashine yao ndogo, Xbox Series S, ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa kwa dola 299. Yaani kuingia ndani kwa mwaka mmoja kulikuwa ghali kuliko mlango wenyewe. Sony nao Septemba 2023 waliipandisha ada yao ndogo ya mwaka kutoka dola 59.99 hadi 79.99.

Sisi tuna mzigo wa pili, kwani ada yahesabiwa kwa dola. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 124 za Kenya. Mwanzo wa 2024 ilikuwa imefika kiasi cha 160. Aliyekuwa akilipa ada isiyobadilika aliiona ikipanda hata hivyo.

Mimi si mwanachuoni, wala siharamishi kitu. Kukodi ni jambo halali na la kale, na nusu ya mji wetu wakaa nyumba za kupanga. Lakini mpangaji ajua kuwa yeye ni mpangaji. Kijana huyu mwenye mashine huona michezo mia imejipanga mbele yake akadhani ni yake. Asipolipa mwezi mmoja tu, yote hufungwa. Na hata akilipa, kila mwezi baadhi ya michezo hutolewa ikaletwa mingine.

Lenye kuudhi zaidi ni kwamba hata ule mchezo unaolipiwa bei kamili katika duka la ndani ya mashine, pasipo diski, aghlabu huwa si mali ya mnunuzi. Aliloliuziwa ni idhini ya kuutumia. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo wake wa magari uitwao The Crew, na waliounulia kwa pesa zao wakabaki hawawezi kuucheza. Mwaka huo huo jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika 2025, kwamba muuzaji wa vitu vya namna hii asitumie neno "nunua" bila ya kumfahamisha mnunuzi kuwa anapewa idhini tu. Serikali imebidi iingilie kati ili neno kununua lipate maana yake.

Hapo ndipo nilipoirudia karatasi ya mpwa wangu nikaona kwa nini mashine yake ilikuwa rahisi. Haikuwa na tundu la diski. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 ilikuwa na tundu kwa dola 499 na bila ya tundu kwa dola 399, na kwa mengineyo zilikuwa sawa. Tundu hilo ndilo mlango wa pili wa soko. Mwenye tundu aweza kununua diski iliyotumika, kuazima, kubadilishana na kuuza. Asiye nalo ana duka moja tu duniani, na mwenye duka ndiye mpanga bei.

Desturi yangu ni kuwaambia vijana wangoje, bei itashuka. PlayStation 2 ilianza kwa dola 299 mwaka 2000 na kufikia 2009 ilikuwa dola 99. Wasia huo nao umekufa. PlayStation 5 ya dola 499 ilipandishwa huko Marekani mwezi wa Agosti 2025 hadi dola 549, baada ya kuzeeka karibu miaka mitano.

Wajanja kuliko wote naona ni wale wenye vibanda vya mitaani petu. Wamenunua mashine mara moja na diski ya kandanda mara moja, na watoto hulipa kila mechi. Hilo la anayefungwa kuwalipia wote wawili sitaki kuliingilia, waulizwe masheikh.

Nilimwita mpwa wangu nikamsomea hesabu. Mama yake alikuwa amekaa karibu akipepeta mchele.

"Na ukishamaliza kulipa hiyo ada?" akamuuliza.

"Haimalizwi, mama."

Akaendelea na mchele wake.

Juma lililofuata tulinunua PlayStation 4 iliyotumika, yenye tundu, kutoka kwa kijana aliyekuwa akisafiri, pamoja na diski tatu. Mashine dada yangu aliifungia kabatini mpaka Ramadhani iishe. Diski moja mpwa wangu alikwisha kuwaazima watoto wa jirani siku ile ile, na Idi ilipofika ilikuwa bado haijarudi.