Nyanza: Safari ya Siku Moja Kutoka Muganza

Nyanza, mji mdogo wa Mkoa wa Kusini nchini Rwanda, ni mji wa kale ambao familia ya Muganza inaweza kwenda kuutembelea na kurudi siku hiyohiyo, mradi iamke mapema. Mfalme Yuhi V Musinga aliufanya makao yake ya kudumu mwaka 1899. Kabla ya hapo wafalme wa Rwanda hawakuwa na mji mkuu: boma la mfalme lilihama kutoka kilima kimoja hadi kingine, na watumishi, ng'ombe na wakuu wa nchi wakahama nalo. Nyanza ilibaki kiti cha ufalme hadi ufalme wenyewe ulipoondolewa mwaka 1961. Mwaka uliofuata nchi ilipata uhuru, na Kigali ikawa mji mkuu.

Muganza iko kwenye bonde la Bugarama, upande wa kusini wa Wilaya ya Rusizi, kati ya mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha Cimerwa. Ni miongoni mwa sehemu za chini na zenye joto zaidi nchini. Kutoka hapo barabara inapanda hadi kuikuta ile kuu ya Kamembe na Huye, kisha inaingia msitu wa Nyungwe, ambako hupita kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,400. Mtoto aliyeondoka nyumbani na fulana anaanza kutetemeka kabla hajamaliza kuulizia chai, kwa hiyo sweta zikae karibu, wala zisifungwe kwenye begi lililo chini ya mizigo. Kona za Nyungwe nazo huwachafua watoto tumbo. Ni afadhali wale kidogo kabla ya kuondoka na washibe baada ya msitu kuisha, huko Kitabi, mahali mashamba ya chai yanapoanza.

Hata hivyo msitu huo haufai kulalwa njia nzima. Una zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na mwaka 2023 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mgongo wake ndio unaogawa maji: mvua inayonyesha upande wa magharibi huishia kwenye mto Kongo, na ya upande wa mashariki huenda kwenye Nile. Kima wenye ndevu nyeupe hukaa kando ya lami asubuhi, na dereva asiye na haraka huwapa watoto nafasi ya kuwatazama. Kuwarushia ndizi ni marufuku, na kuna sababu: kima aliyezoea chakula cha abiria huishia kugongwa.

Baada ya Nyamagabe barabara inafika Huye, mji ulioitwa Astrida wakati wa Wabelgiji, kwa heshima ya Malkia Astrid. Makumbusho yake ya mila na maisha ya Wanyarwanda, yaliyofunguliwa mwaka 1989, ni mazuri na makubwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuyapita. Yanahitaji nusu siku. Familia inayojaribu kuona Huye na Nyanza kwa mkupuo hufika Nyanza watoto wamechoka, na huko ndiko kwenye mambo wanayoyapenda zaidi. Kutoka Huye zimebaki kilomita zipatazo 40.

Jumba la kifalme liko Rukari, nje kidogo ya mji. Pale kuna nyumba mbili, na inafaa kuanzia ile ya nyasi. Ni mfano wa makao ya mfalme wa kale, uliojengwa upya kwa miti, matete na nyasi: paa la duara linalokaribia kugusa ardhi, ndani giza lenye harufu ya nyasi kavu, na viambaza vya matete vinavyotenga kitanda cha mfalme na mahali pa wageni. Nyuma yake kuna vibanda viwili, kimoja cha pombe na kimoja cha maziwa. Katika kibanda cha maziwa hupangwa vyombo vya mti vyenye vifuniko vilivyosukwa vikachongoka juu kama pia. Kazi ya maziwa ya mfalme ilikuwa ya msichana ambaye hajaolewa.

Watoto hukaa zaidi kwa inyambo, ng'ombe wa kifalme. Pembe zao ni ndefu kupita kimo cha mtoto wa shule ya msingi, na siku ya maonyesho huvishwa shanga kwenye paji la uso. Wachungaji huwaimbia, na ng'ombe waliofundishwa tangu udogoni hutembea taratibu wakiifuata sauti. Zamani walipitishwa mbele ya mfalme na wageni wake, kila mmoja akiwa na jina na sifa zake.

Nyumba ya pili ni ya matofali, yenye baraza, iliyojengwa mwaka 1932 kwa ajili ya Mutara III Rudahigwa, mwana wa Musinga. Ni hatua chache tu kutoka ile ya nyasi, lakini kati ya hizo mbili kuna kisa ambacho watu wa Rusizi wana haki ya kukidai kuwa chao. Musinga alitawala tangu mwaka 1896. Aliwazoea Wajerumani, akajifunza kusoma na kuandika Kiswahili, lugha waliyoitumia katika utawala wao. Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916 mambo yakamgeukia. Alikataa kubatizwa, akashikilia ibada za ufalme, na hakukubali kuwa karani wa wakoloni. Novemba 1931 wakamwondoa, siku chache baadaye wakamtawaza mwanawe, na mfalme mzee akapelekwa uhamishoni Kamembe. Ndiyo Kamembe hiihii ambako watu wa Muganza huenda sokoni. Aliishi huko hadi mwaka 1940, alipohamishiwa Moba, kwenye ufuko wa Kongo wa ziwa Tanganyika, akafia huko mwaka 1944.

Mtoto akiambiwa hayo akiwa amesimama kati ya nyumba hizo mbili, anaelewa kwa nini moja ni ya nyasi na nyingine ya matofali kwa haraka kuliko atakavyoelewa darasani.

Rudahigwa, mtu wa urefu wa zaidi ya mita 2, alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1954 akafuta ubuhake, mfumo wa mtu kumtumikia tajiri ili apewe ng'ombe. Alifariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959. Amezikwa Mwima, kilima cha jirani, pamoja na mkewe Rosalie Gicanda, aliyeuawa Butare, ndiyo Huye ya leo, Aprili 1994 wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwaka 2017 akazikwa hapo pia Kigeli V Ndahindurwa, mfalme wa mwisho kutawala, aliyefia Marekani.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi haifai kwa safari hii, kwa sababu asubuhi yake ni ya umuganda na magari husimama. Siku nyingine, anayetoka Muganza saa kumi alfajiri kwa gari dogo huwa Rukari kabla ya saa tano, na akiondoka saa nane mchana anapita Nyungwe kungali mchana, kabla ukungu haujashuka kwenye kona na malori ya usiku hayajaanza kupanda.