Je, Wajua? Keki ya Kakao Haina Haja ya Yai

Katika Segerea, Dar es Salaam, ambako nyua nyingi zina mabanda ya kuku wa mayai na hapana kibanda tangu Tabata hadi Kinyerezi kikosacho trei mbili tatu za mayai mbele yake, imekaa katika fikira za watu itikadi kwamba keki isiyovunjiwa yai haiumuki, na kwamba mtu aokaye keki pasi na yai, wala maziwa, wala siagi, ama ni mgonjwa aliyekatazwa na tabibu, ama ni fukara aliyekosa thamani ya yai, ama ni mtu aliyerejea kutoka ng'ambo na mila za huko. Itikadi hii ni batili, nami naikasirikia, kwa sababu inawanyima watu wetu chakula chepesi na kitamu ambacho siri yake yote imo katika jambo moja la ajabu, nalo ni yale yanayopita baina ya chumvi iitwayo bikaboneti na tindikali ndani ya unga wenye kakao. Jambo hilo nitalieleza kwa urefu, na mengine nitayapita.

Kwa hakika watu wa pwani ndio wasiostahili kabisa kuiona keki ya namna hii kuwa kitu kigeni. Kitumbua, ambacho hapana mtaa wa Dar es Salaam usiokijua, ni mchele, tui la nazi, sukari, hamira na iliki, basi; hakina yai wala maziwa ya mnyama, na kinaumuka kikawa na matundu. Mkate wa kumimina ni ndugu yake, ingawa wako wapishi wautiao ute wa yai. Wahindi wa Kisutu na Upanga, hususa Majaini na Wahindu wengi ambao yai kwao si chakula halali, huoka keki zisizo na yai kwa karamu zao, wala karamu hizo hazipungukiwi. Hata beking pauda, ambayo leo haikosekani jikoni, chanzo chake ni huruma ya mume kwa mkewe: Alfred Bird, mwuza dawa wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na mke ambaye mwili wake ulikataa mayai na hamira pia, akambunia kastadi isiyo na yai mwaka 1837, kisha mwaka 1843 akabuni unga wa kuumulia mkate pasi na hamira, ili mkewe naye apate kula. Wamarekani nao waliikumbatia keki ya kakao isiyo na yai wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mayai, maziwa na siagi vilipokuwa adimu, na vita vilipokwisha hawakuiacha.

Namna ya kuchekecha unga na kuipaka sufuria mafuta sina haja ya kuieleza kwa watu waliokwisha kupika. Vipimo ni hivi: unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, kakao vijiko vikubwa 3, bikaboneti ya soda kijiko kidogo 1, na chumvi nusu ya kijiko kidogo, kisha maji kikombe kimoja, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 5, siki kijiko kikubwa 1, na vanila kidogo. Vikavu huchanganywa peke yake, vya majimaji hutiwa baadaye, na mwiko huzungushwa kwa kadiri ya kuondoa unga mkavu tu, kwani unga wa ngano ukisukwasukwa sana hufanya utando wenye nguvu kupita kiasi, na keki hutoka ngumu.

Sasa tuitazame bikaboneti. Ni chumvi nyeupe ambayo ndani yake imefungwa hewa ya kabonidayoksaidi, ile ile tuitoayo katika pumzi zetu, na kifungo hicho hufunguliwa kwa funguo mbili: tindikali, au moto. Kijiko kidogo cha bikaboneti kina uzito wa takriban gramu 5, na lau ingefunguka yote kwa tindikali ingetoa, katika joto la mji wetu, takriban lita moja na nusu ya hewa, ambayo ni kubwa kuliko keki yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba siki ndiyo ifanyayo kazi hii yote. Hasha. Siki ya kawaida ya dukani ina tindikali sehemu 5 katika 100, na kwa hiyo kijiko kikubwa cha siki, chenye gramu 15, kina tindikali halisi robo tatu tu ya gramu, ambayo haiwezi kufungua zaidi ya gramu moja ya bikaboneti. Kati ya gramu 5, siki imemaliza moja. Je, nne zilizobaki huenda wapi?

Sehemu yake huchukuliwa na kakao, ambayo kwa maumbile yake ina tindikali, na hili nitalirudia. Iliyosalia husubiri moto. Bikaboneti ikipata joto huanza kuvunjika yenyewe, na joto lipitapo nyuzi 80 za Selsiasi huvunjika kwa haraka, ikatoa hewa na mvuke wa maji. Lakini hapa malipo ni nusu tu, kwa kuwa chumvi itoayo hewa yake yote mbele ya tindikali, mbele ya moto hutoa nusu yake, na nusu nyingine hubaki imefungwa ndani ya chumvi mpya iitwayo kaboneti ya soda. Basi keki hii huumuka mara mbili: mara ya kwanza bakulini, siki inapoonana na bikaboneti na uji wa unga ukaanza kutoa mapovu mbele ya macho yako, na mara ya pili ndani ya joto, pasipo mtu kuona. Ndiyo maana mpishi sharti awe ameuandaa moto kabla ya kutia siki. Anayechanganya kwanza kisha akaanza kupuliza makaa huipoteza hewa ya awali, na keki yake hulala, naye hulilaumu yai ambalo hakulitia.

Hewa hiyo lazima izuiwe isitoroke, na hapa ndipo wanaolitetea yai husimama. Ni kweli kwamba yai likipata moto huganda na kuzishika kuta za matundu. Walakini unga wa ngano una vishikizo vyake viwili: utando wa protini unaojinyoosha hewa inapotanuka, na wanga ambao, joto lipitapo nyuzi 60 na ushei, hunywa maji, ukavimba, ukaganda. Penye sukari nyingi wanga huchelewa kuganda, na kuchelewa huko ni rehema, kwani huipa bikaboneti nafasi ya kumaliza kazi yake ya pili kabla kuta hazijakauka. Aghalabu keki ipasukayo juu kama ardhi ya kiangazi imepata moto mkali wa mapema, kuta zikaganda ilhali hewa bado inatoka.

Nilisema kwamba kakao ina tindikali, na asili ya tindikali hiyo ni ya ajabu. Tunda la kakao likipasuliwa, punje zake zilizovikwa nyama nyeupe tamu hurundikwa kwa siku tano au zaidi na kufunikwa majani ya mgomba. Sukari ya nyama ile huchachuka ikawa kileo, kisha vijidudu vingine vikakigeuza kileo kuwa tindikali ya siki, na rundo likapata joto hata nyuzi 45 na zaidi, mpaka kiini cha mbegu kikafa. Pasipo kifo hicho hapana ladha ya chokoleti duniani. Tindikali nyingi hutoka punje zinapoanikwa na kukaangwa, lakini baki yake huingia mpaka katika kopo la kakao. Kwa hiyo mtu anayetia siki katika keki ya kakao anaongeza kitu ambacho kakao imekuja nacho tangu shambani.

Kazi hiyo ya kurundika na kufunika hufanywa hapa kwetu, Kyela na Rungwe kaskazini ya Ziwa Nyasa, na Mbingu katika bonde la Kilombero. Kyela ndiko itokako sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Wakulima wake huipeleka ghalani, ikauzwa mnadani kwa stakabadhi, ikapakiwa ikaenda zake. Na sisi wa Segerea tukitaka kakao twanunua kopo lililosagwa nchi nyingine. Naona hili ni jambo la kusikitisha. Kusaga kakao si elimu iliyofichwa: Casparus van Houten wa Amsterdam alipata hataza ya shinikizo la kukamulia mafuta ya kakao tangu mwaka 1828, na mji unaosaga ngano, mahindi na karanga mchana na usiku haushindwi na punje za Kyela.

Hasara ya kununua kopo la nje si ya fedha tu. Coenraad, mwana wa huyo van Houten, alianzisha desturi ya kuiosha kakao kwa chumvi za alkali ili ikolee rangi na kupunguza ukali, na makopo mengi ya ughaibuni yamepitia njia hiyo. Kakao iliyooshwa hivyo haina tindikali ya kuipa bikaboneti. Mpishi akiitumia kwa vipimo nilivyotaja, keki huwa nyeusi ya kupendeza lakini yaweza kubaki na ladha ya sabuni. Dawa yake ni kusoma maandishi madogo ya kopo: ukiona alkali imetajwa, au alama E500 au E501, basi punguza bikaboneti iwe nusu ya kijiko, na nusu iliyopungua uitie beking pauda, ambayo imekuja na tindikali yake.

Na siki si lazima. Maji ya ndimu, kijiko kwa kijiko, yana nguvu iliyokaribia ya siki, na ndimu sokoni Tabata ni rahisi. Lakini kitu nikipendacho kupita vyote ni ukwaju. Tindikali ya ukwaju ni tartari, ndiyo hiyo hiyo ambayo watu wa Ulaya huikwangua katika mapipa ya mvinyo na kuitia katika baadhi ya beking pauda zao za ghali. Sisi imetuotea porini. Loweka ukwaju, uchuje uwe mzito, utie vijiko vikubwa viwili mahali pa siki, upunguze maji kwa kadiri hiyo. Keki hupata ukali mwembamba unaoilea ladha ya kakao vizuri kuliko siki. Mkwaju ni mti uvumiliao ukame na kuzaa kwa vizazi vingi vya watu, na kuukata ili kuchoma makaa, kama ifanyikavyo mahali pengi bara, ni kuuza urithi kwa thamani ya gunia.

Iko hatari moja ya kuonya. Baadhi ya watu, kwa kukosa bikaboneti, hutwaa magadi yale ya kupikia maharage. Magadi ya ziwani ni bikaboneti iliyoshikamana na kaboneti, ile kaboneti ambayo nilisema hubaki moto unapomaliza kazi yake. Basi ukiyatia umeanza na ladha ya sabuni kabla hujaoka. Yaache kwenye maharage na mlenda. Na kwa kuwa nimeyataja magadi ya ziwani: Ziwa Natron, ambalo maji yake yamejaa chumvi hizo, ndilo mahali pekee katika Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo huzaa kwa desturi, na mwekezaji aliyetaka kujenga kiwanda cha magadi pale alipojitoa mwaka 2008, nilifurahi, nami ningali na furaha hiyo.

Moto sasa. Asiye na oveni atwae sufuria kubwa, atandaze mchanga mkavu chini, aweke juu ya mchanga sufuria ndogo yenye keki, afunike, apalie makaa juu ya mfuniko, na makaa ya juu yazidi ya chini. Saa nzima yatosha. Kwenye oveni ya nyuzi 180 ni dakika 30 hadi 35. Kinachoniuma ni kwamba bomba la gesi lililotoka Mtwara mwaka 2015, likapita mamia ya kilomita, mwisho wake ni Kinyerezi, jirani yetu kabisa, ambako gesi huchomwa kufanya umeme; na jikoni kwetu mpaka leo ni makaa na mitungi, ilhali nyumba chache za Mikocheni zimekwisha kupata gesi hiyo kwa bomba. Kama bomba limeweza kufika Mikocheni, Segerea kuna udhuru gani?

Matumizi: badala ya maji weka tui jepesi ukitaka keki nyororo zaidi, kwani mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya nyuzi 24 na joto letu la mchana ni nadra kushuka hapo; tia iliki, au mdalasini, au kahawa kijiko kimoja; yafaa kwa Mjaini, kwa Msabato asiyekula cha mnyama, kwa mtoto ambaye mwili wake hulikataa yai, kwa shule, kwa hitima, kwa harusi; ikate vipande uuze; yafaa na chai ya rangi; ya maji hukaa siku tatu ikifunikwa, ya tui isipite siku ya pili.